Bell wa Karamoja: Bunduki Ndogo na Risasi Isiyokwama

Njia ya misafara iliyotoka pwani ilikuwa ikifika kwa Nabongo Mumia wa Wanga, na hapo wapagazi wakitua mizigo, wakinunua posho na kusikiliza habari za mbele. Kaskazini ya Mumias palikuwa na nchi ya Wabukusu. Baada yake ulikuja mlima ambao Wabukusu wanauita Masaba na ramani zinauita Elgon. Mashariki ya mlima zilitandaa nyanda za Trans Nzoia, ambako mji wa Kitale haukuwa umejengwa bado. Na ng'ambo ya mto Turkwel ilianza Karamoja. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani, wengi wao Waswahili, waliuzunguka mlima huo wakitafuta pembe za ndovu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini akaja nyuma yao Mskoti mmoja kijana, mwembamba, mwenye bunduki ambayo wawindaji wenzake Wazungu waliiona kama kitu cha kuchezea watoto. Jina lake Walter Dalrymple Maitland Bell, na dunia ya wawindaji ilikuja kumjua kwa jina la Karamojo Bell.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza tunamwandika mtu huyu kwa sababu gani. Sababu ni mbili. Kwanza, maisha yake yalipita katika nchi yetu wakati ambapo lugha yetu ilikuwa ikipenya bara kwa miguu ya wapagazi, kabla ya kupenya kwa vitabu vya shule. Pili, jambo lililomtofautisha na wenzake ni la kiufundi na linastahili kuelezwa kwa Kiswahili bila kukopa sentensi nzima kutoka kwa wengine: namna bunduki na risasi yake zinavyoelewana au zinavyokataa kuelewana. Sikusudii kumtukuza. Idadi ya ndovu aliowaua ni 1,011, na kati ya hao ni 28 tu waliokuwa majike. Mwenye kuona fahari katika hesabu hiyo na aione; mimi naiona kama hesabu ya deni.

Bell alizaliwa mwaka 1880 katika jumba la Clifton Hall, karibu na Edinburgh, katika familia yenye mali na watoto wengi. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, baba naye akafuata, na Bell akalelewa na kaka zake. Hakupatana na shule hata moja. Alitoroka mara kadhaa, na alipofikisha umri wa miaka kumi na mitatu akapelekwa baharini. Kichwani mwake mlikuwa na wazo moja tu, nalo ni kuwinda ndovu Afrika. Kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha alikuwa tayari amefika Afrika Mashariki, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwapiga simba waliokuwa wakiwasumbua wafanyakazi wa Reli ya Uganda.

Hapa ndipo alipopata somo lake la kwanza, na lilikuwa somo kali. Bunduki aliyokuja nayo ilitengenezwa na fundi Fraser wa Edinburgh, ya kipimo cha .303, yenye kubeba risasi moja tu kwa wakati. Uskoti ilifanya kazi vizuri. Katika joto la njia ya reli iligoma. Bell alipofyatua, risasi ilitoka kama ilivyotakiwa, lakini ganda lake tupu lilinasa ndani ya bunduki na halikutoka. Mtu aliyesimama mbele ya simba na bunduki iliyozibwa na ganda lake mwenyewe ana fimbo ya gharama kubwa mkononi, basi.

Inafaa tueleze kilichotokea. Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa cha risi ambacho ndicho kinachoruka. Fataki ikigongwa huwasha baruti. Baruti hugeuka gesi. Gesi husukuma kichwa mtutuni na wakati huohuo hulitanua ganda mpaka likabana kuta za chumba lilimowekwa. Baada ya mshindo ganda hunywea kidogo, na hapo mtambo huling'oa. Baruti za wakati ule ziliathiriwa mno na joto: risasi iliyoachwa juani ilitoa nguvu kubwa kuliko ile iliyopimwa kiwandani kwenye baridi ya Ulaya. Ganda lilibana zaidi. Bunduki ya Fraser ilikuwa na kikucha dhaifu cha kulitoa ganda, na kikucha hicho hakikufua dafu. Bunduki zenye komeo la kuzungushwa kwa mkono, kama Mauser ya Kijerumani au Lee-Enfield ya Kiingereza, zina faida hapa, kwa kuwa mkono wa mpigaji ukiinua komeo hulilegeza ganda kwanza kwa nguvu ya mzunguko, kisha ndipo hulivuta nje. Tangu siku hizo Bell hakuiamini tena bunduki kwa uzuri wake. Aliuliza kwanza inakula risasi gani, na inazitema vipi.

Kutoka Afrika alikwenda Klondike, kaskazini ya Kanada, wakati wa kukimbilia dhahabu. Dhahabu haikumtajirisha. Aliwinda nyama na kuiuzia miji ya wachimbaji, na mshirika wake wa biashara akatoweka na fedha. Vita vya Makaburu vilipozuka mwaka 1899 alijiunga na askari wapanda farasi wa Kanada ili apate nauli ya kurudi Afrika, maana hakuwa na njia nyingine. Farasi wake alipigwa risasi, yeye akatekwa, kisha akatoroka na kufanywa mpelelezi. Vita vilipokwisha mwaka 1902 hakurudi kwao. Alipanda kaskazini mpaka Mumias.

Mumias ya wakati huo haikuwa mji wa sukari tunaoujua. Ilikuwa kituo cha mwisho cha mtu aliyetaka kununua nguo, shanga na nyaya za kubadilishana huko mbele, na kukodi wapagazi. Bunduki zilikuwa na historia chungu hapo jirani. Mwaka 1895, katika ngome za Lumboka na Chetambe, zilizo leo katika kaunti ya Bungoma, Wabukusu walipigana na jeshi lililotumwa na Waingereza, na moja ya chimbuko za vita hivyo ni bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu kutoka kwa askari wa Kisudani. Watu wa nchi ile hawakuhitaji Mskoti awafundishe bunduki ni nini. Walikuwa wameshazika wafu wao.

Safari ya Bell ilimfikisha Mani-Mani, kituo cha wafanyabiashara wa pembe huko Karamoja, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya soko. Kati ya wakubwa wa pale alimkuta mtu aliyeitwa Shundi. Huyu alizaliwa Kavirondo, akachukuliwa utumwani akapelekwa pwani, akasilimu, akapata uhuru wake na hatimaye akawa tajiri wa misafara anayeogopwa bara nzima. Bell alimwandika kwa heshima ambayo hakuwapa wengi wa Wazungu wenziwe. Nadhani maisha ya Shundi yangefaa makala yake peke yake, na ningependa mmoja wa wanafunzi wetu ayafuatilie, kwani ndani yake mna utumwa, dini, biashara na lugha vikiwa vimesukwa katika kamba moja.

Wafanyabiashara hao walitegemea gobori. Kwa mwenye gobori, suala la kujijazia risasi halikuwa burudani ya mtu mwenye nafasi. Ndiyo kazi yenyewe. Alipima baruti kwa kiganja au kwa kipimo cha pembe, akaishindilia mtutuni, akatia kizibo, akafuatisha kipande cha chuma au risasi, kisha akaweka fataki. Kila mshindo ulikuwa wa kwake na haukufanana na uliotangulia. Baruti ikizidi, mtutu hupasuka. Ikipungua, ndovu hujeruhiwa na kukimbia na maumivu yake porini. Kamusi zetu za zamani zimehifadhi ulimwengu huo vizuri. Neno kiasi lilitumika kwa risasi iliyokwisha kupimwa na kufungwa pamoja na baruti yake, na bunduki ya viasi ilikuwa ile inayojaziwa kwa nyuma. Ni neno zuri, kwa sababu linataja hasa kilichobadilika: kipimo kilitoka kiganjani mwa mpigaji kikaenda kiwandani. Leo tunasema risasi kwa kila kitu, ganda na kichwa pamoja, na tukitaka kueleza kwa makini inatubidi tuzunguke.

Bell naye alitoka katika upande wa kiwanda, ila aligundua kwamba kiwanda nacho hudanganya. Alijaribu bunduki nyingi. Alitumia Lee-Enfield ya .303. Alitumia Mannlicher ndogo ya .256, nyepesi na ya kupendeza, akaiacha kwa sababu ya matatizo ya risasi. Alitumia .318 ya Westley Richards, na hiyo pia risasi zake zikamvunja moyo. Wengine wangeilaumu bunduki. Yeye alitofautisha mambo hayo mawili: bunduki ilikuwa njema, ila chakula chake kilikuwa kibovu. Mwishowe alitulia na Mauser ya .275 iliyouzwa na duka la Rigby la London, ambayo kwa hesabu za Bara la Ulaya ni ya milimita 7. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi, kirefu, kilichofunikwa kwa chuma kigumu pande zote ili kisipasuke kikigonga mfupa. Zaidi ya ndovu 800 kati ya wale 1,011 walianguka kwa bunduki za aina hiyo.

Ili msomaji aone ukubwa wa jambo hili, alinganishe na bunduki za ndovu zilizosifiwa wakati ule. Ile ya .600 ilirusha kichwa cha gramu 58, na ilikuwa nzito mno hivi kwamba tajiri aliyeinunua alimbebesha mpagazi mpaka dakika ya kupiga. Wenye bunduki hizo waliamini kwamba ndovu huangushwa kwa kishindo. Bell hakukubaliana nao. Aliamuru fuvu la ndovu likatwe kwa msumeno kutoka mbele hadi nyuma, akatazama. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kichwa kile cha kutisha ni mfupa wenye matundu kama sega la nyuki, na kwamba ubongo umekaa nyuma na chini kuliko wawindaji walivyodhani. Risasi kubwa isiyoufikia ubongo ni kelele tu. Risasi ndogo inayoufikia humwangusha ndovu pale aliposimama. Alijifunza kuufikia kutoka kila upande, hata kutoka nyuma kwa mshazari kupitia shingoni, na mpigo huo wa nyuma bado unaitwa kwa jina lake miongoni mwa wawindaji.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo inahusu sauti. Risasi ya .275 ilitoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya sauti, kwa hiyo haikuwa ya kimya hata kidogo: kitu chochote kinachoipita sauti angani huacha mpasuko nyuma yake kama mjeledi. Hata hivyo mshindo wake mtutuni ulikuwa mdogo kuliko ule wa bunduki nzito, na Bell aliona kwamba kundi halikutimka ovyo. Ndovu mmoja aliporomoka, wengine wakasimama wakishangaa, na yeye akapata wa pili na wa tatu. Ukiusoma ukweli huu leo unasisimka mwili. Utulivu wa bunduki haukumpunguzia ndovu hatari, ulimwongezea.

Alikuwa pia na bastola ya Mauser ya risasi kumi, ile yenye ala ya mbao inayogeuzwa kuwa kitako ili ilengewe begani. Hii ilikuwa silaha ya namna mpya kabisa Karamoja, kwani ilijipakia yenyewe: nguvu ya mshindo ilirudisha komeo nyuma, ikatema ganda, na springi ikasukuma risasi nyingine chumbani. Bell aliitumia kuwatisha watu waliomkabili kwa mikuki, kwa kuwafyatulia mfululizo kutoka mbali. Kwa ndovu hakuitumia. Silaha inayojipakia hutegemea mapatano magumu kati yake na risasi. Risasi dhaifu haisukumi komeo nyuma vya kutosha, na ganda hukwama nusu njia. Risasi yenye nguvu kupita kiasi huuvunja mtambo. Ndiyo maana hata leo wanaotaka risasi ya polepole, iliyo chini ya kasi ya sauti ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde, ili iruke bila ule mpasuko, hukuta kwamba bunduki yao iliyokuwa ikijipakia vizuri imegoma. Wameipata sauti ndogo na wameipoteza nguvu iliyokuwa ikiuendesha mtambo. Komeo la kuendeshwa kwa mkono halina tatizo hilo: hulitoa ganda la risasi dhaifu na la risasi kali vilevile, maadamu mkono upo. Bell, ambaye alikuwa ameonja kukwama mbele ya simba, alichagua mkono wake.

Na mkono huo aliufundisha kila siku. Safarini alitembea na bunduki tupu akilenga kila kilichojitokeza, jiwe au ndege wa mbali, akifyatua hewa na kuzungusha komeo mpaka kitendo hicho kikawa kama kupepesa macho. Hakumpa mpagazi bunduki yake. Alikadiria kwamba kwa kila ndovu dume aliyempiga alikuwa ametembea maili 73, yaani kilomita 117 hivi, na kwamba kwa mwaka alimaliza jozi 24 za viatu. Katika majani marefu alipanda juu ya ngazi au juu ya mzoga wa ndovu aliyekwisha kuanguka ili aone mbele.

Lakini kuna jambo ambalo wasifuji wake huliruka. Bell hakuwatafuta ndovu peke yake. Alitangaza kwamba atakayemletea habari za madume, naye akafanikiwa kuua watano au zaidi, atapewa ng'ombe. Kwa Wakaramoja ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni maisha yenyewe, na habari zikaja kwa wingi. Mtu wa kwanza kumwongoza hivyo alikuwa Pyjalé, ambaye aliwinda naye bega kwa bega akiwa na mkuki tu, na wakawa marafiki. Ustadi wa risasi ulianza kwa mtu huyo aliyejua ndovu wanalala wapi. Pembe nazo hazikutembea zenyewe kurudi Mumias: zilibebwa mabegani, frasila kwa frasila, na watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya Rigby.

Karamoja haikumtosha milele. Madume wakubwa walipopungua alikwenda Lado, kando ya Nile, eneo lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki mwaka 1909; kisha Liberia, na mito ya Kongo. Waingereza wenyewe waliifunga Karamoja kwa wafanyabiashara mwaka 1911, biashara ya pembe na bunduki ilipokwisha kuivuruga nchi. Ndovu wa Masaba walibaki wakiingia usiku katika pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia, wakikwaruza ukuta wa mwamba kwa pembe zao ili walambe chumvi. Wengi wao waliuawa na majangili miaka ya 1970 na 1980, kwa bunduki zilizojipakia zenyewe na kwa watu wasiojali risasi imefika wapi. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mikwaruzo ile ukutani bado inaonekana.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Bell akiwa mtu mzima. Alijifunza urubani, akatumikia jeshi la anga la Uingereza hapa Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika na baadaye Ulaya, akapata nishani ya Military Cross. Baada ya vita alirudi Afrika kwa safari ya magari kuelekea Chad, ambayo haikumpendeza kama zile za miguu. Alioa, akanunua shamba la Corriemoillie katika nyanda za juu za Uskoti, akachora picha, akaendesha mashua ya mashindano iliyoitwa Trenchemer. Kitabu chake cha kwanza, Wanderings of an Elephant Hunter, kilitoka mwaka 1923, na Karamojo Safari kikafuata mwaka 1949. Uzeeni aliwinda paa wa Uskoti kwa bunduki ya .220, yenye risasi ndogo kuliko zote alizowahi kuzitumia na ya kasi kuliko zote, na aliendelea kuchunguza kwa nini ilikuwa ikiua papo hapo. Alifariki tarehe 30 Juni 1954. Kitabu cha tatu, Bell of Africa, kilihaririwa na Mmarekani Townsend Whelen, aliyekuwa bingwa wa elimu ya bunduki, na kikachapishwa mwaka 1960.